Soko Lisilo na Farasi: Sayansi ya Wanyama Wadogo wa Djugu

Katika soko la mifugo la Djugu, huko Ituri, mashariki mwa Kongo, utawakuta ng'ombe wa pembe ndefu, ng'ombe wafupi wenye nundu, mbuzi, kondoo, nguruwe waliofungwa miguu, kuku na bata ndani ya matenga. Farasi hutamwona. Mtoto aliyezaliwa Iga-Barrière au Fataki anaweza kufikia utu uzima akimjua farasi kwa picha tu, ilhali Ulaya na Marekani watu hujaa kwenye maonyesho ya kilimo kumtazama farasi kibeti, mnyama aliyekomaa ambaye kimo chake, kwa kanuni za wafugaji wa Marekani, hakitakiwi kuzidi sentimita 86 hivi begani. Mambo haya mawili, kukosekana kwa farasi huku na udogo wa farasi kule, yanaelezwa na sayansi moja: sayansi ya mwili wa mnyama na mahali anapoishi.

Tuanze na sababu ya farasi kukosekana: mbung'o. Mwaka 1895, akiwa Zululand, daktari David Bruce aligundua kwamba ugonjwa wa nagana uliokuwa ukiua mifugo unatokana na kijidudu kinachoishi katika damu, na kwamba mbung'o ndiye anayekisambaza. Mwaka 1904 Alphonse Broden, akifanya kazi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, alieleza aina nyingine ya kijidudu hicho, ambayo hadi sasa inaitwa kwa jina la Kongo. Vijidudu hivi vina hila kubwa. Kila kimoja kimevikwa koti la protini, na kinga ya mwili inapojifunza kulitambua koti hilo, baadhi ya vijidudu huwa vimekwisha kuvaa jingine. Ndiyo maana hadi leo hakuna chanjo. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoumia zaidi: homa, upungufu wa damu, uvimbe wa tumbo na miguu, kisha kupooza na kufa, mara nyingi ndani ya majuma machache tu.

Nyanda za juu za Djugu zina baridi, na mbung'o hapendi baridi, kwa hiyo ng'ombe hustawi huko. Lakini nyanda hizo zimezungukwa: magharibi msitu wa Ituri, mashariki joto la ufuo wa Ziwa Albert. Darfur na Bornu farasi wamefugwa kwa karne nyingi, ila kila walipoelekea kusini walikutana na ukanda wa mbung'o. Ukosefu huo wa wanyama wa kazi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba utawala wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, nchini Kongo ulijaribu kufuga tembo. Kazi hiyo iliendelezwa baadaye Gangala-na-Bodio, huko Uele, kaskazini mwa Ituri.

Kuna mahali ambapo farasi alijipenyeza hata hivyo, na hapo ndipo jambo linapopendeza. Kando ya mto Logone, mpakani mwa Chad na Kamerun, Wamusey wanafuga farasi mwenye kimo cha mita moja na robo hivi, ambaye huvumilia nagana kuliko farasi wakubwa. Mambo ni yale yale kwa ng'ombe na mbuzi: ng'ombe wa N'Dama na mbuzi vibeti wa Afrika Magharibi, wavumilivu wakubwa wa nagana, ni wanyama wa mwili mdogo. Udogo wenyewe hauzuii kijidudu, lakini mwili mdogo unahitaji malisho machache na hupoteza joto upesi, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Mahali penye magonjwa, joto na ukame wa miezi kadhaa, mnyama wa namna hiyo ndiye hubaki hai na kuzaa.

Udogo wa farasi wa maonyesho una asili nyingine. Watu walichagua wazazi wafupi, kizazi baada ya kizazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba sehemu nne tu za vinasaba zinaeleza asilimia 83 ya tofauti za ukubwa kati ya aina za farasi, na ndiyo maana wafugaji waliweza kupunguza kimo kwa haraka. Lakini baadhi ya farasi hao hubeba hitilafu katika kinasaba kinachojenga gegedu. Mtoto akiipokea kutoka kwa wazazi wote wawili huzaliwa na miguu mifupi iliyopinda na taya lisilokaa sawa, au hufa kabla ya kuzaliwa. Kumzalisha mnyama ateseke ili atazamwe ni kosa, na sioni sababu ya kulipamba.

Ituri nayo iliwahi kudhaniwa kuwa na farasi wake. Msafiri Henry Stanley aliandika mwaka 1890 kwamba Wambuti, wakazi wa msitu wa Ituri, wanamjua mnyama kama punda ndani ya msitu huo. Miaka kama kumi baadaye Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza nchini Uganda, aliwarudisha kwao Wambuti waliokuwa wamechukuliwa na Mjerumani mmoja ili waonyeshwe Paris kama wanyama. Aliwauliza kuhusu punda huyo, wakamweleza. Msituni, waongozaji walimwonyesha nyayo zenye kwato mbili. Akawakatalia, kwa kuwa alitarajia ukwato mmoja wa farasi. Vipande vya ngozi alivyovipeleka London vilimfanya mtaalamu wa wanyama Philip Sclater, mwaka 1901, ampe mnyama huyo jina la ukoo wa farasi. Baadaye mwaka huo yalipofika mafuvu na ngozi kamili, mtaalamu mwingine, Ray Lankester, alithibitisha kwamba ni ndugu wa twiga. Huyo ndiye okapi, anayelindwa sasa katika hifadhi ya Epulu iliyoanzishwa mwaka 1992. Wambuti walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Kosa la Johnston, la kuamini matarajio yake kuliko maneno ya wenyeji, linarudiwa leo kwa mbuzi wa Djugu. Miradi mingi humtazama mnyama mfupi na kumhesabu kuwa duni, kisha huleta beberu wakubwa wa kigeni. Mbuzi wa kienyeji hubeba mimba miezi mitano tu, huzaa pacha mara kwa mara, hula majani ya vichakani, na huweza kuswagwa kwa miguu au kubebwa familia inapokimbia. Tangu mwisho wa 2017, vita vilipoanza tena Djugu na mifugo mingi kuporwa, sifa hiyo ya mwisho imekuwa na uzito ambao hakuna mizani ya soko inayoupima.

Kwa hiyo wafugaji wa Djugu, msiwauze beberu wenu wadogo wote. Na ninyi wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Nioka na wenye miradi, wapimeni wanyama hawa na kuandikisha sifa zao kabla ya kuwachanganya na damu nyingine, na waulizeni kwanza wanaowafuga.