Mwana wa Sagalla katika Shule ya Mtaala wa India: Atarudi Wapi?

Swali ambalo wazazi wa kwetu Sagalla na wa mjini Voi wameniuliza mara nyingi katika miaka hii ya karibuni si la sarufi wala la fasihi, ingawa hizo ndizo kazi zangu za kila siku. Huniuliza hivi: mmoja wetu amepata kazi Dubai, Doha au Muscat, na ameruhusiwa kuwachukua watoto. Karo ya shule za mtaala wa Uingereza na wa Marekani haishikiki. Shule za mtaala wa India ni nafuu, na zinasifika kwa hesabu na sayansi. Je, tumpeleke mtoto huko?

Swali hili ni la haki, nalo halihusu wazazi peke yao. Lamhusu mwalimu wa Voi anayeandika barua ya kumwaga mwanafunzi wake, na lamhusu mwanafunzi mwenyewe, ambaye aghalabu ndiye wa mwisho kuulizwa. Kwa sababu hiyo nimeona heri nilijibu hadharani. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba shule hizo ni nzuri kwa kazi ziliyojengewa. Linalobaki ni kujua ilikuwa kazi gani, na kama ndiyo kazi ambayo wewe, mzazi, unataka mwanao afanyiwe.

Tuanze na asili yake. Mitaala ya India iliyoenea zaidi nje ya nchi hiyo ni miwili. Wa kwanza ni wa halmashauri ya elimu ya sekondari ijulikanayo kwa herufi CBSE, ambayo mizizi yake ni bodi iliyoundwa mwaka 1929 na kupewa jina lake la sasa mwaka 1952. Wa pili ni wa baraza liitwalo CISCE, lililoundwa mwaka 1958 ili lichukue nafasi ya mitihani ya Cambridge nchini India. CBSE peke yake ina zaidi ya shule 200 nje ya India, na nyingi miongoni mwazo zimo katika nchi za Ghuba. Shule ya Kihindi ya Muscat, kwa mfano, ilianza mwaka 1975, wakati uchumi wa mafuta ulipokuwa ukiwavuta wafanyakazi kwa maelfu kutoka Kerala na majimbo mengine.

Wahindi hao walijua jambo moja ambalo sisi twaelekea kulisahau. Walijua kwamba Ghuba haimpi mgeni uraia kwa urahisi, na kwamba kila mkataba wa kazi una tarehe ya mwisho. Hivyo wakajenga shule ambayo, baba akimaliza mkataba wake, mtoto atarudi Kochi, Chennai au Delhi na kuketi darasani bila ya kupoteza hata mwaka mmoja. Mtihani ni ule ule, vitabu ni vile vile, na mwaka wa masomo huanza Aprili na kumalizika Machi kama nyumbani. Shule hiyo ni daraja, na ng'ambo ya pili ya daraja hilo ni India.

Kwetu sisi watu wa Taita Taveta, habari hii si ngeni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi kabla ya kufika Tsavo mwaka 1898, na zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka kando ya njia ya reli. Walipokuwa wengi walijenga shule. Allidina Visram ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1923, ni mojawapo ya zile mashuhuri. Wakati huo serikali ya kikoloni iliwatenga watoto kwa rangi zao: Mzungu kwake, Mwasia kwake, Mwafrika kwake. Baada ya uhuru mipaka hiyo ilivunjwa, na leo Allidina Visram ni shule ya umma ambamo watoto wa kila kabila hufanya mtihani wa Kenya. Shule iliyoanzishwa na wageni iligeuka kuwa ya wenyeji kwa sababu waliobaki waliamua kwamba hapa ndipo kwao.

Kuna jambo jingine katika historia hiyo ambalo walimu wachache hulikumbuka. Mwaka 1957 Wizara ya Elimu ilianzisha kituo maalumu mjini Nairobi, na humo ukabuniwa mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mpango huo ulianza katika shule za watoto wa Kiasia. Sababu yake ilieleweka: katika darasa moja waliketi watoto wa Kigujarati, Kipunjabi, Kikachi na Kiurdu, na haikuwa rahisi kuchagua lugha moja miongoni mwa hizo. Haikupita miaka mingi kabla ya mpango huo kuhamishiwa kwa watoto wa Kiafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Ilichukua hadi ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 kurudisha rasmi lugha ya eneo katika miaka mitatu ya kwanza. Dawa iliyotengenezwa kwa ugonjwa wa jirani tuliinywa sisi, bila ya kupimwa kama tunaugua. Nahofu kwamba twakaribia kuinywa mara ya pili huko Ghuba.

Tazama ratiba ya lugha katika shule hizo. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Nafasi ya lugha ya pili na ya tatu hugawiwa Kihindi, Kiarabu, Kimalayalam, Kiurdu, Kitamil au Kifaransa, kutegemea shule na nchi. Katika Falme za Kiarabu, Kiarabu ni somo la lazima kwa wanafunzi wa shule za kibinafsi hadi gredi ya tisa. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha zinazofundishwa humo kwa kawaida, sembuse Kisagalla. Hata Muscat, ambako utakisikia Kiswahili sokoni Matrah kwa sababu ya Waomani wenye asili ya Zanzibar, mtoto wako hatakikuta ubaoni.

Kwa mtoto wa Kerala mpango huu una maana kamili, kwani Kimalayalam akisomacho darasani ndicho akisemacho na bibi yake kwa simu. Mtoto wa Sagalla akiketi katika dawati hilo hilo huanza kusoma Kihindi pasipo bibi. Hufanya kazi maradufu, na lugha zake mbili za kwao hubaki mlangoni pamoja na viatu.

Wataalamu wa lugha wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 ilieleza wazi kwamba mtoto hufundishika vyema zaidi kwa lugha ya mama. Katika miaka ya 1970 Jim Cummins wa Canada alionyesha kwamba kuzungumza lugha ngeni uwanjani ni jambo moja, na kufikiri kwayo darasani ni jambo jingine. La kwanza laweza kuchukua kama miaka miwili, ilhali la pili huchukua mitano au hata saba. Alionyesha pia kwamba ujuzi wa lugha ya kwanza ni mtaji wa kujifunzia ya pili. Mtoto anayejua kueleza sababu, kulinganisha na kupinga kwa Kiswahili huhamisha ujuzi huo hadi Kiingereza. Aliyekatishwa katikati huenda akawa na lugha nne za kuombea maji, na asiwe na hata moja ya kuandikia insha.

Jambo la ajabu ni kwamba India yenyewe imelitambua hili. Sera yake ya Taifa ya Elimu ya mwaka 2020 yapendekeza kwamba, pale iwezekanapo, mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani angalau hadi gredi ya tano, na ikiwezekana hadi ya nane. Mwaka 2023 CBSE iliziruhusu shule zake kufundisha kwa lugha za India. Yaani mwenye mtaala arudi kwenye lugha ya mama, nasi tuukimbilie mtaala wake ili tuiache yetu!

Najua nitaambiwa kwamba Kisagalla hakijazi tumbo, na kwamba hesabu ni hesabu kwa lugha yoyote. Hoja hii ina uzito wake. Mzazi anayesafiri kutafuta riziki hana anasa ya kuchagua kama mwenye mali, na kuwaacha watoto Voi na shangazi kwa miaka mitano nako kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Sisemi asiwachukue. Nasema achague akijua.

Na ajue hivi. Kwanza, aulize shule inafuata bodi ipi, na kama inampokea mtoto asiye raia wa India, maana baadhi ya shule hizi ni za jumuiya na nafasi zake hugombewa. Pili, aangalie kalenda. Mtoto wa Kenya humaliza mwaka karibu na Novemba, na mwenzake wa shule hizo humaliza Machi, kwa hiyo anayehama mwezi Januari huingia darasa lililo ukingoni. Tatu, aulize lugha ya pili ni ipi, na kama mgeni hupewa msaada wa ziada anapoianza akiwa ameshachelewa.

Nne, na hili ndilo kubwa, aamue tangu mwanzo mtoto atarudi lini. CBSE ina mitihani miwili mikuu, ya darasa la kumi na ya darasa la kumi na mbili. Anayefika darasa la kumi na mbili ana cheti kinachofahamika, na njia ya kwenda vyuo vikuu vya India na kwingineko iko wazi mbele yake. Anayerejeshwa nyumbani katikati hukuta Kiswahili kinamsubiri. Somo hilo limekuwa la lazima katika mitihani yetu tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na limebaki la lazima hata katika sekondari ya juu ya mtaala mpya wa umilisi. Kijana aliyeondoka akiwa gredi ya pili na kurudi gredi ya tisa hakusoma ngeli wala ushairi, na hakuna masomo ya ziada ya likizo moja yatakayoziba pengo la miaka saba.

Tano, atazame vitabu. Mwanawe atasoma habari za mto Godavari na za matembezi ya chumvi ya Gandhi ya mwaka 1930. Hayo ni maarifa mema, nasi hatuna haja ya kuyaonea choyo. Ila asitarajie kwamba mtu mwingine atamsimulia habari za Mekatilili wa Menza, au atamwambia kwamba mmisionari J. A. Wray alifika Sagalla mwaka 1883, akajifunza lugha ya wenyeji, na mwaka 1894 akatoa kitabu cha kuifunza. Mgeni yule aliona lugha yetu yastahili kitabu zaidi ya karne moja iliyopita.

Hapa ndipo ninapotaka tuige Wahindi kwa dhati, si katika kununua sare zao tu. Walipokwenda ugenini hawakungoja serikali ya nchi nyingine iwatunzie lugha. Walikodi nyumba, wakachanga, wakatafuta walimu miongoni mwao. Wakenya wa Dubai au Doha hawahitaji kujenga shule nzima. Familia nne au tano zikikutana siku moja kwa wiki, na mwalimu mmoja miongoni mwao akaja na vitabu vya Kiswahili vya gredi husika vilivyonunuliwa Voi au Mombasa, kazi imeanza. Nyumbani, kanuni iwe moja: mlango ukifungwa, Kiingereza kimebaki nje. Bibi apigiwe simu kwa Kisagalla, hata kama mjukuu atajikwaa.

Walimu wenzangu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi anapokuja kuaga, usimpe barua ya uhamisho pekee. Mwandikie orodha ya mada za Kiswahili ambazo darasa lake litazisoma mwaka ujao, na mwombe akuandikie insha moja kila muhula. Kwa njia ya simu, kazi hiyo haina gharama kubwa. Nanyi wanafunzi mnaosafiri, msiione lugha ya kwenu kuwa mzigo wa kuachwa uwanja wa ndege. Rafiki yako wa Kerala hakuiacha yake, na hakuna amchekaye.

Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, na yaiagiza serikali ikuze lugha za jamii zetu. Lakini katiba haivuki bahari pamoja na mtoto. Huvuka na mzazi wake, kama mzazi ameamua kuibeba. Basi, kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza, kaeni chini nyumba nzima, mtoto akiwamo, mlijibu swali ambalo Wahindi walilijibu kabla ya kuweka jiwe la kwanza la shule zao: siku mkataba ukiisha, huyu atarudi wapi, na atawasalimu wenyeji wake kwa lugha gani? Kuuliza si ujinga, na majuto ni mjukuu.