Chuma Mwilini: Neema Yenye Kipimo



Mtoto akipauka uso na kulegea, iwe ni huku kwetu pwani au kwa ndugu zetu wa Kanja, Kaunti ya Embu, neno la kwanza nyumbani huwa "damu imepungua", na la pili huwa chupa ya dawa ya kuongeza damu. Mzazi hutenda hivyo kwa huruma. Lakini kilichomo ndani ya chupa hiyo ni madini ya chuma, nacho hakitolewi kwa kukisia.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na kwa hicho damu hubeba oksijeni. Kila siku hupotea miligramu 1 au 2, wala mwili hauna njia ya kuitoa ziada. Mlango wa kuingilia upo, nao ni utumbo unaopokea amri ya ini. Mlango wa kutokea haupo. Chuma kikizidi kwa miaka mingi hujilundika katika ini, moyo na kongosho, kikaleta makovu ya ini, udhaifu wa moyo na kisukari. Hayo huwapata hasa wagonjwa wa thalasemia, na baadhi ya wa selimundu, wanaoongezewa damu mara kwa mara, kwani kila chupa ya damu huingiza chuma kipatacho miligramu 200. Hao hupimwa akiba yao ya chuma, na hupewa dawa ya kukiondoa.

Iko hatari nyingine isiyongoja miaka. Kisiwani Pemba, watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waliingizwa katika utafiti wa virutubisho. Mnamo Agosti 2003, utoaji wa chuma ulisitishwa kabla ya wakati wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma pamoja na asidi ya foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa maradhi makali. Vimelea vya malaria na bakteria nao huhitaji chuma ili wastawi. Hata hivyo, miongoni mwa watoto waliopimwa na kubainika kuwa wamepungukiwa chuma na damu, dawa iliwafaa.

Hapo ndipo penye funzo: kupungukiwa damu si lazima kuwe kupungukiwa chuma. Malaria hupunguza damu, minyoo hupunguza, selimundu hupunguza.

Msomaji wa Kanja atasema kwamba kwao ni miinuko ya Mlima Kenya, na malaria ni haba kuliko pwani. Ni kweli. Lakini mtoto wake huletwa Mombasa wakati wa likizo, naye hana kinga aliyoijenga mwenzake wa pwani. Alale ndani ya chandarua, na homa yake ipimwe kabla ya dawa yoyote ya damu. Huko nyumbani nako atazame kikombe cha chai kando ya sahani ya maharagwe: chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kukipokea chuma. Ingojee kidogo, na mahali pake pawe na chungwa au ndimu.

Kwa mama wajawazito tunasema waziwazi: msiviache vidonge mlivyopewa kliniki, kwani mahitaji yenu ni makubwa. Ila viwekeni mahali pasipofikiwa na mtoto. Akivimeza vingi, vyaweza kumuua.

Basi kabla ya kununua chupa, tumwulize daktari swali moja: mtoto huyu amepungukiwa damu tu, au amepungukiwa chuma? Kipimo cha damu kitajibu.

Wabillahi tawfiq.