Kompyuta inapokataa kila tovuti, tuangalie tarehe kwanza

Wengi wetu tumeliona jambo hili: umeme unarudi baada ya siku kadhaa, tunawasha kompyuta ya nyumbani, na karibu kila tovuti tunayofungua inaleta onyo kwamba muunganisho si salama. Tunafunga kivinjari na kukifungua tena, onyo ni lile lile. Tunalaumu mtandao, au tunadhani kuna virusi.

Kabla ya kumlipa fundi, tuangalie tarehe ya kompyuta. Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kivinjari hukipima kwa saa ya kompyuta yetu. Saa ikirudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vinaonekana kama havijaanza kutumika. Tusahihishe siku, mwezi, mwaka na saa, kisha tufungue kivinjari upya.

Tarehe ikipotea kila umeme unapokatika, betri ndogo ya ndani imekwisha. Katika kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3, ya duara kama sarafu. Tuchomoe waya wa umeme kwanza, ndipo tuibadilishe.

Lakini tarehe ikiwa sawa na onyo likatokea kwenye tovuti moja tu, tusilazimishe kuingia, wala tusiandike neno la siri. Hapo onyo linatulinda. Na onyo linalotutaka tupige simu kwa namba fulani ni mtego wa wezi, tulifunge.