Kifuu, Ndoo na Mvungu: Kupunguza Mrundikano wa Vitu Nyumbani ili Kujikinga na Homa za Mbu

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha Tanga, ua wa nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na Chumbageni hupata sura ile ile. Kando ya jiko pana lundo la vifuu vilivyowekwa kwa ajili ya kuwashia moto. Nyuma ya choo limelala tairi kuukuu ambalo mwenyewe anakusudia kulipeleka kwa fundi wa katambuga. Pembeni mwa paa la bati limewekwa pipa la kukinga maji, na ukutani yameegemezwa makopo ya rangi, karai na ndoo iliyokatika mpini. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichowekwa pale kwa uzembe. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake, au kinangojewa kupewa kazi nyingine. Lakini baada ya mvua ya usiku mmoja tu, vyote huwa na sifa moja: vimeshika maji.

Katika joto la pwani, yai la mbu lililokutana na maji hayo huweza kuwa mbu kamili anayeruka baada ya siku 7 hadi 10. Hesabu hiyo ndogo ndiyo msingi wa makala haya. Familia inayoupitia ua wake mara moja kila wiki humkatiza mbu kabla hajaota mbawa. Inayousafisha mara moja kwa mwezi humwachia nafasi ya kuzaa vizazi kadhaa.

Mbu wa mchana

Wakazi wa pwani wanamfahamu vyema mbu wa malaria, anayeuma usiku, na wamezoea kulala ndani ya chandarua. Mbu anayezaliwa katika vifuu na ndoo ni wa jamii nyingine. Kwa kitaalamu huitwa Aedes aegypti. Ni mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi baada ya jua kuchomoza na jioni kabla halijazama. Ndiye anayeeneza virusi vya homa ya dengue na chikungunya. Chandarua cha usiku hakimzuii kumfikia mama anayepepeta mchele uani wala mzee aliyekaa barazani.

Magonjwa haya si mageni kwa Waswahili. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika miaka ya 1860 na 1870, aliandika habari za homa ya maumivu makali ya viungo iliyoenea kisiwani mwaka 1870. Wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee walikumbuka homa kama hiyo iliyopita mwaka 1823. Wataalamu wa baadaye wamejadili kama ile ilikuwa dengue au chikungunya, na wapo wanaodhani kwamba jina lenyewe la dengue lina asili katika neno hilo la Kiswahili. Jina la chikungunya nalo limetoka Tanzania: ni la Kimakonde, lililotokana na mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 huko kusini, na linaeleza namna mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Mwaka 2019 dengue ilirudi kwa nguvu. Wagonjwa wengi walikuwa Dar es Salaam, na Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa zaidi. Kwa familia nyingi ilikuwa mara ya kwanza kuona homa kali ambayo kipimo cha malaria kiliikana, na ambayo haikuwa na dawa mahususi ya kuitibu.

Jambo moja la kutia moyo ni kwamba mbu huyu si msafiri. Kwa kawaida huishi na kufa ndani ya eneo la mita mia chache kutoka alipozaliwa. Mbu aliyemuuma mtoto asubuhi huenda alizaliwa katika ua ule ule au wa jirani. Kwa hiyo kazi ya mikono ya wenye nyumba ina matokeo yanayoonekana, hasa majirani wa mtaa mmoja wanapoifanya siku moja.

Akiba na mrundikano

Ni rahisi kumwambia mtu atupe vitu visivyo na kazi. Ushauri huo mara nyingi haufuatwi, kwa sababu katika nyumba ya kipato cha kawaida vitu hivyo vina thamani. Kifuu ni kuni, na kikichongwa vizuri ni upawa. Kopo ni kipimo cha unga au chombo cha kuoteshea mchaichai. Pipa ni ulinzi dhidi ya siku ambayo bomba halitatoa maji. Wahenga walisema akiba haiozi, na familia zinaishi kwa hekima hiyo.

Mhudumu wa afya anayeingia katika ua kama huo akianza kwa kulaumu, hupoteza msikilizaji wake. Afadhali aanze na swali moja linalofaa kuulizwa mbele ya kila kitu: je, kinaweza kushika maji? Kama hakiwezi, kinaweza kusubiri. Kama kinaweza, kifanyiwe moja ya mambo manne: kipinduliwe, kifunikwe, kitobolewe, au kiondolewe. Kuondoa ni njia mojawapo tu, wala si lazima iwe ya kwanza.

Vifuu vihifadhiwe chini ya paa, au vipangwe vikiwa vimegeuzwa mdomo chini. Ndoo na makarai yasiyotumika yafudikizwe. Tairi linalosubiri fundi litobolewe matundu upande wa chini au liingizwe mahali pakavu, kwa kuwa likiachwa nje hushika maji hata likisimamishwa. Makopo yaliyooteshwa maua yawe na matundu, na visahani vilivyo chini yake vimwagwe maji. Kitu ambacho kimekaa mwaka mzima bila kuguswa, na hakuna mwenye nyumba anayekumbuka kilikuwa cha nini, hicho ndicho cha kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu au kupeleka dampo.

Maji ya kuhifadhi

Mapipa na mitungi yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hayawezi kuachwa matupu. Katika miaka ya 1970 watafiti waliofanya kazi Rabai, nyuma ya Mombasa, waligundua kwamba palikuwa na Aedes wa aina mbili walioishi karibu karibu. Mmoja alikuwa wa msituni na alitaga katika mashimo ya miti. Mwingine aliishi ndani ya nyumba za watu na kutaga katika mitungi ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mbu yule wa nyumbani huvutwa na harufu ya binadamu kuliko ya wanyama wengine. Mtungi ulio wazi, basi, ni makazi ya mbu anayempenda mwanadamu.

Kinachotosha ni kifuniko kisichoacha mwanya. Pasipo na kifuniko, kitambaa chepesi au kipande cha chandarua kilichochakaa kikivutwa na kufungwa kwa mpira kuzunguka mdomo wa pipa kinafaa, mradi kisibonyee na kushika maji ya mvua juu yake.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu jike hubandika mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri kujazwa tena. Ndiyo maana pipa lililokauka wakati wa kiangazi huweza kutoa viluwiluwi mara linapopata mvua ya kwanza. Kila wiki, maji yanapopungua, kuta za ndani zisuguliwe kwa brashi au kwa kumbi la nazi, kisha chombo kisuuzwe kabla ya kujazwa.

Choo na mbu wa matende

Sehemu za pwani zina maji ya ardhini yaliyo karibu na uso wa nchi, hivyo mashimo ya vyoo mara nyingi huwa na maji. Humo huzaliana mbu wa jamii ya Culex, waumao usiku na wanaoeneza vimelea vya matende na mabusha, ugonjwa uliowatesa watu wengi wa Tanga, Pangani na visiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, chembe nyepesi za plastiki nyeupe, za aina ile inayofungiwa redio na televisheni ndani ya maboksi, zilimwagwa katika mashimo ya vyoo vyenye maji. Chembe hizo zilielea na kufanya tabaka lililowazuia mbu kutaga na viluwiluwi kupumua. Sambamba na hilo, wakazi walipewa dawa. Mbu walipungua mno na maambukizi yakashuka, na kudhibiti mbu kulisaidia kuyazuia yasirudi baada ya ugawaji wa dawa kukoma.

Katika Mkoa wa Tanga ugawaji wa dawa za matende kwa jamii ulianza mwaka 2004 na umepunguza sana maambukizi. Nyumbani, somo la Makunduchi linabaki pale pale: dawa hufanya kazi yake vizuri zaidi mbu wanapokosa mahali pa kuzaliana. Tundu la choo lifunikwe, ufa wa bamba la sakafu uzibwe, na bomba la kutolea hewa liwekewe wavu.

Ndani ya chumba

Mrundikano wa ndani una madhara yake. Mbu aliyeshiba damu hutafuta mahali penye giza na utulivu. Hapo mara nyingi ni mvunguni penye masanduku na viatu, nyuma ya kabati, au katikati ya nguo zilizotundikwa misumarini zikapandana. Si lazima kununua kabati jipya. Nguo zisizovaliwa zikunjwe na kuwekwa ndani ya sanduku au mfuko uliofungwa. Mvungu uachwe wazi kiasi cha ufagio kupita, na dirisha lifunguliwe mchana ili mwanga uingie. Chumba chenye nafasi hurahisisha pia kuchomeka chandarua chini ya godoro, na humwepusha mzee anayeamka usiku kujikwaa.

Wakati wa kupanga chumba, vitu viwili vitazamwe kwa makini. Cha kwanza ni mafuta ya taa, ambayo mara nyingi huwekwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha, na mafuta hayo yakiingia mapafuni huweza kuua. Yawekwe katika chombo chake, juu, mbali na vyakula. Ikitokea mtoto ameyanywa, asitapishwe. Apelekwe mara moja kituo cha afya. Cha pili ni dawa zilizobaki: nusu dozi za viuavijasumu, vidonge visivyo na jina, na chupa zilizopita muda wake. Zisihifadhiwe kwa ajili ya homa ijayo wala kugawiwa jirani. Zipelekwe duka la dawa au zahanati kuulizwa namna ya kuziteketeza.

Homa inapoingia nyumbani

Hakuna ua unaosafishwa kiasi cha kumaliza homa zote. Mtu akipata homa ya ghafla, na hasa ikiambatana na maumivu nyuma ya macho, misuli na viungo, au vipele, apimwe kwanza malaria. Kipimo kikiwa hasi, asitumie dawa ya malaria kwa kubahatisha, na mhudumu aifikirie dengue.

Kwa homa na maumivu, parasetamo ndiyo dawa inayofaa, kwa kipimo kilichoelekezwa. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe mpaka ithibitike kuwa si dengue, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu. Mgonjwa anywe kwa wingi maji, uji, madafu au maji ya chumvi na sukari yanayouzwa katika pakiti. Alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wasichukue virusi kutoka kwake na kuwapelekea wengine.

Siku za kuangaliwa zaidi ni zile ambazo homa inashuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Familia nyingi hupumua hapo zikidhani mgonjwa amepona, kumbe ndipo dengue kali hujitokeza. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi, puani au katika choo, usingizi mzito au kutotulia, na kupumua kwa taabu ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitali bila kungoja asubuhi. Aliyewahi kuugua dengue asijione yuko salama: virusi vyake ni vya aina 4, na kuambukizwa aina nyingine baadaye huweza kuleta ugonjwa mkali zaidi.

Nusu saa ya kila wiki

Kazi hii yote haihitaji zaidi ya nusu saa kwa wiki. Familia ichague siku isiyosahaulika, kama Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na kila mtu apewe sehemu yake. Watoto ni hodari wa kuona viluwiluwi. Wakishaonyeshwa mara moja wanavyochezacheza ndani ya kopo, huwatafuta wenyewe. Kijana apande kutazama mfereji wa bati ulioziba kwa majani. Mama au baba akague pipa na choo. Balozi wa mtaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wakiwahimiza majirani kufanya siku hiyo hiyo, kazi ya nyumba moja hailindwi na uchafu wa nyumba ya pili.

Vuli ikirudi, mvua itanyesha juu ya ua ule ule wenye lundo lile lile la vifuu, kwa sababu moto bado utahitaji kuwashwa. Vikiwa vimefunika midomo yao chini, maji yatavipita juu na kutiririka ardhini.