Kuzaa Bila Malipo

Zamani akina mama wengi wa Kenya walizalia nyumbani. Sababu moja ilikuwa kukosa fedha za kulipa hospitalini. Mwezi wa Juni 2013 Serikali ya Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali na zahanati zake. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto 61 katika kila 100 walizaliwa hospitalini au zahanati. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 82.

Je, kuna faida gani? Baada ya kuzaa, mama anaweza kutokwa na damu nyingi. Asiposaidiwa, anaweza kufa katika muda wa saa 2 tu. Mkunga wa zahanati humpiga sindano ya kukaza mji wa mimba ili damu ikome. Nyumbani sindano hiyo haipo.

Lakini je, zahanati ikiwa mbali na uchungu ukianza usiku, mtafikaje? Basi baba na mama, jiandaeni mapema. Hudhurieni kliniki. Wekeni akiba ya nauli. Mwambieni mwenye gari. Chagueni atakayebaki na watoto. Msingoje uchungu uanze ndipo mtafute gari.