"Mimi ningekuwepo, asingefungwa": kwa nini kila mtazamaji anajiona hakimu bora

Bila shaka umeshawahi kutazama dokumentari ya mtu aliyefungwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Bando linaisha, usingizi umekata, na hasira imekujaa. Polisi walikuwa vipofu? Hakimu alikuwa anasikiliza nini? Halafu unamgeukia mwenzako: "Mimi ningekuwepo, huyu asingefungwa."

Hasira hiyo ni ya haki. Lakini wanasaikolojia wamelichunguza sana wazo hilo la mwisho, na majibu yao hayatusifu.

Tuchukue mfano mmoja maarufu: Making a Murderer, dokumentari ya sehemu 10 iliyotolewa na Netflix Desemba 2015. Mwaka 1985, kwenye ufuko wa Ziwa Michigan, Marekani, mwanamke mmoja alivamiwa na kufanyiwa ukatili wa kingono. Ilikuwa mchana. Mwenyewe alijitahidi kuishika sura ya mvamizi ili aje kumtambua. Polisi walipomwonyesha picha, alimchagua Steven Avery. Kwenye gwaride la utambulisho akamchagua tena. Upande wa Avery ulileta mashahidi 16 wa kueleza kwamba alikuwa kwingine, lakini haikusaidia. Mwaka 2003 kipimo cha vinasaba vya unywele kilionyesha kuwa mvamizi alikuwa mtu mwingine kabisa. Avery alikuwa ameshakaa gerezani miaka 18.

Mwaka 2005 akakamatwa tena, safari hii kwa mauaji ya mwanamke mwingine, na 2007 akahukumiwa kifungo cha maisha. Dokumentari inauliza kama yale ya 1985 yamejirudia. Ndani ya wiki chache watu zaidi ya 100,000 walitia saini ombi la kutaka asamehewe. Januari 2016 Ikulu ya Marekani ikajibu kwamba Rais hana mamlaka ya kusamehe hukumu iliyotolewa na mahakama ya jimbo. Wengine waliishia kummwagia matusi mwendesha mashtaka kwenye mtandao.

Sasa tuiangalie akili ya mtazamaji.

Ukishajua mwisho, kila kitu kinaonekana wazi

Mwaka 1975 mtafiti Baruch Fischhoff aliwapa watu maelezo ya vita vya zamani kati ya Waingereza na Wagurkha, mwaka 1814. Wengine waliambiwa Waingereza walishinda, wengine wakaambiwa Wagurkha walishinda, na kadhalika. Kisha akawauliza: kama usingeambiwa matokeo, ungeona lipi lina uwezekano mkubwa wa kutokea? Kila kundi lilielekea kuona kuwa tokeo waliloambiwa wao ndilo lililokuwa linaonekana tangu mwanzo.

Ndivyo inavyokuwa kwenye dokumentari. Unaanza kutazama huku ukijua kwamba vinasaba vitamsafisha. Kwa hiyo wale mashahidi 16 wanakung'aa machoni, na unashangaa walipuuzwaje. Waliokaa mahakamani mwaka 1985 hawakuwa na mwisho wa filamu. Mbele yao alikuwepo mwanamke mkweli, aliyeumizwa, akimnyooshea mtu kidole bila kusita. Mimi na wewe tungefanya nini?

"Lisemwalo lipo"

Kuna watazamaji wa aina nyingine. Hawa wanatazama yote hayo kisha wanasema: "Lakini hawawezi kumshika mtu hivihivi tu. Lazima kuna kitu." Sisi tuna methali yake kabisa: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Mwaka 1966 Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaketisha watu wamtazame mwanamke ambaye waliamini anapigwa shoti za umeme. Kwa kweli alikuwa anaigiza. Watazamaji walioona kwamba mateso yataendelea na wao hawana la kufanya, walianza kumwona mwanamke yule kuwa mtu asiyefaa. Lerner alieleza kwamba binadamu anataka kuamini kuwa dunia ina haki, kila mtu anavuna alichopanda. Kukubali kwamba asiye na kosa anaweza kuozea jela ni kukubali kwamba hata wewe unaweza. Ni rahisi zaidi kumtafutia kosa.

Kuwa na uhakika si sawa na kuwa sahihi

Mwanamke wa Ziwa Michigan hakudanganya. Alikosea kwa moyo mweupe. Kumbukumbu haitunzwi kama video kwenye simu, ukaifungua ikiwa vilevile. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, wakawauliza yalikuwa na kasi gani. Waliosikia neno la kawaida, kwamba magari "yaligongana", walikadiria wastani wa maili 34 kwa saa. Waliosikia neno kali, kwamba "yalipondana", walikadiria zaidi ya 40. Katika jaribio la pili, baada ya wiki moja, waliosikia neno kali ndio waliokuwa wepesi zaidi kusema waliona vioo vilivyovunjika. Vioo hivyo havikuwepo.

Ikiwa neno moja linaweza kufanya hivyo, fikiria muziki wa huzuni, picha za mama anayelia, na saa 10 zilizochaguliwa kutoka kwenye kesi ya majuma mengi. Waendesha mashtaka walilalamika kwamba dokumentari iliacha baadhi ya ushahidi, ukiwemo wa vinasaba vilivyodaiwa kuwa vya Avery kwenye kifungio cha boneti ya gari la marehemu. Simwambii mtu aamini upande gani. Ninachosema ni kwamba mahakama ya 1985 ilishawishika na simulizi moja nzuri, na wengi wetu tumeshawishika na nyingine. Uhakika wetu umehamia upande wa pili tu, lakini umejengwa kwa njia ileile.

Turudi kwetu

Usidhani haya ni ya Wamarekani. Uganda, mwaka 1982, Mpagi Edward Edmary alihukumiwa kunyongwa pamoja na ndugu yake kwa kumuua mtu. "Marehemu" alikuwa hai. Ndugu yake alifia gerezani. Mpagi aliachiwa kwa msamaha mwaka 2000, baada ya miaka zaidi ya 18 ya kusubiri kitanzi.

Tanzania tunayo dawa nzuri ambayo haijulikani sana nje ya vyuo vya sheria. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataja mambo ya kuuliza: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Alikuwa anamfahamu kabla?

Yapeleke maswali hayo Ikombe, huku Kyela. Milima ya Livingstone imesimama nyuma ya kijiji upande wa mashariki, kwa hiyo alfajiri ufuko unakaa kwenye kivuli muda mrefu kabla jua halijachomoza juu yake. Tuseme nyavu zimeibwa saa 11 na nusu asubuhi. Mtu anasema amemwona kijana akisukuma mtumbwi, hatua 50 kutoka alipokuwa, akamwona kwa mgongo, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Anaapa ni fulani. Anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea. Swali la Waziri Amani linamlinda kijana yule kuliko huruma ya watazamaji 100,000.

Na hapa ndipo jambo hili linapotugusa moja kwa moja. Wengi wetu hatutakaa kwenye kiti cha hakimu. Lakini siku moja utasikia "Mwizi! Mwizi!" sokoni au stendi, na watu wataanza kuokota mawe. Pale hakuna rufaa, hakuna kipimo cha vinasaba, hakuna miaka 18 ya kusubiri ukweli. Dakika 10 zinatosha kumuua mtu.

Basi endelea kutazama dokumentari hizi, na ukasirike. Ila ukisikia hiyo kelele, kabla hujafika karibu, muulize wa kwanza aliyepiga yowe: ulimwona kwa muda gani, ukiwa wapi, kwa mwanga gani, na unamjua? Uliza kwa sauti, wengine wasikie.