Askari na Makaburi ya Kasubi

Mwezi Septemba mwaka 2023, Kamati ya Urithi wa Dunia iliyokutana mjini Riyadh, Saudi Arabia, iliyaondoa Makaburi ya Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yalikuwa yamo katika orodha hiyo tangu mwaka 2010. Uamuzi huo ulipokewa kwa furaha nchini Uganda. Hata hivyo, nyumba iliyoungua mara moja yaweza kuungua tena, endapo waliokabidhiwa ulinzi wake hawajui wanalinda nini.

Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake juu ya kilima cha Kasubi, Kampala, mwaka 1882, naye alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Baada yake walizikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili, na Edward Mutesa wa Pili, ambaye pia alikuwa Rais wa kwanza wa Uganda. Mwanga alifia uhamishoni Seychelles mwaka 1903, na Mutesa wa Pili alifia London mwaka 1969. Wote wawili walirejeshwa kulala kwao.

Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ina upana wa mita 31, nayo imejengwa kwa miti, matete na nyasi. Pete 52 za darini ni alama ya koo 52 za Buganda, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Ujuzi huo hurithishwa kwa mikono, mzee akimfundisha kijana. Kuizunguka nyumba kuna ardhi ya hekta zaidi ya 26, ambayo sehemu yake kubwa ni mashamba. Yote hayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza nyumba hiyo. Siku ya pili yake palizuka mapambano kati ya waombolezaji na askari wa usalama, na watu wakauawa. Tukio hilo halifai kufichwa, kwa maana lina funzo. Askari asiyejua habari za Kasubi aliona mbele yake umati wenye ghasia. Anayezijua angaliona watu waliofiwa, na bila shaka angalichagua kwa uangalifu zaidi maneno yake na matumizi ya silaha yake.

Kwa hiyo elimu juu ya mahali pa kale haiwahusu wanafunzi na watalii peke yao. Yapaswa kufika kambini na katika vituo vya polisi. Kikosi cha zimamoto, ambacho ni sehemu ya Jeshi la Polisi, hakina budi kujua mapema njia ya kufika kilimani na mahali pa kupata maji, kwani paa la nyasi likishika moto halimngoji mtu aulize njia. Mlinzi wa lango hana budi kujua miiko ya mahali hapo. Naye polisi wa doria azuie mapema anayemega ardhi ya makaburi, kabla msingi haujachimbwa.

Kuijenga upya nyumba hiyo kulichukua zaidi ya miaka kumi. Kuilinda kwahitaji askari macho, anayeielewa thamani yake na anayewaheshimu wenye msiba na wenye mila. Huo nao ni ulinzi wa taifa.